Raba zilizochoka: mhadhara kwa wana jogingi wa Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine mambo vipi. Asanteni kwa kubaki maana najua mmetoka kukimbia sasa hivi, jasho halijakauka na chai inawasubiri pale, kwahiyo sitawaweka sana. Mwenyekiti aliniomba niongelee viatu, nadhani alitegemea nije na majina ya raba nzuri na zinapatikana wapi, ila mi nimekuja na hizi raba zangu zilizochoka. Naomba zizunguke, kila mtu azishike, zimeoshwa.

Hizo nilizinunua soko la Memorial mwaka 2016, mtumba, elfu 35 baada ya kuvutana sana na muuzaji aliyeanzia elfu 50. Nilipofika nyumbani nikatoa ule unyayo wa ndani ili niufue, nikakuta chini yake pameandikwa kwa kalamu herufi mbili na mwaka, 2014. Yaani kuna mtu huko Ulaya au Marekani, sijui mwanaume sijui mwanamke, aliandika kwenye kiatu chake mahali ambapo hakuna atakayeona, na nikakaa pale uani nimeshika ule unyayo nikawaza huyu naye alikuwa nacho moyoni hiki kiatu. Maandishi yamefifia lakini ukigeuza kwenye mwanga utayaona, hebu dada yangu hapo mbele jaribu. Umeona? Eeh.

Sasa hizo raba zimenikuta niko vipi. Nilikuwa naishi na mama yangu pale Majengo, mama alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, na mi nilikuwa nimeanza kukimbia kwa sababu ya presha, daktari alishasema nisipojitikisa nitaanza vidonge. Mwanzoni naona aibu natoka saa kumi na moja gizani ili watu wasinione nahema, napita Shanty Town nakwenda mpaka usawa wa hospitali ya KCMC narudi. Nikirudi namkuta mama ameamka, anazichukua raba mlangoni bila hata kusema kitu, anazisugua na brashi na sabuni ya mche, anajaza magazeti ndani ili zisipoteze umbo, anaziegesha ukutani kivulini. Kivulini jamani, sio juani, yeye alijua kabla sijaambiwa na mtu yeyote kwamba jua kali linaharibu gundi.

Nilipoanza kupanda mlima, barabara ile ya Mweka, kidole kidogo cha kulia kikatoboa kitambaa. Nikasema nitapeleka kwa fundi viatu. Kesho yake asubuhi nakuta pameshashonwa, uzi wa bluu, ule wa sare. Mnaopokea sasa hivi angalieni kiatu cha kulia pembeni, mishono ni midogo midogo imebanana kama ya kwenye kola, amepiga mara mbili halafu akaizungushia tena. Ni kwa mkono ule, sindano ya cherehani haiwezi kuingia pale. Nimekaa na mafundi viatu wengi tu hapa mjini na kila mmoja akiona pale anauliza nani kashona.

Na hizo ndizo nilikimbia nazo Kili 2017, yaani Kilimanjaro Marathon, nusu, kilomita 21, mnaifahamu ile inapopanda Mweka unaona kama mlima unasogea nyuma kila ukisogea mbele. Mama alikuja mpaka getini pale Chuo cha Ushirika na chupa ya maji ya ndimu ameifunga kwenye kanga. Mwaka uliofuata akatutoka.

Basi ndo maana nazungumza.

Baada ya msiba nikaendelea kukimbia na hizo hizo, mwaka mzima na zaidi, na hapa nataka mnisikilize vizuri maana ndipo nilipokosea. Goti la kulia likaanza kuuma, halafu ugoko, nateremka ngazi kama mzee. Nikaenda kwa mtu wa fizio, wale wa tiba ya viungo, kijana tu, akaniuliza nakimbia na nini nikamuonyesha, akabonyeza pale katikati ya soli kwa kidole gumba akasema hii imekufa. Nilikasirika. Kweli nilikasirika, nikaona kama amemtukana mtu. Lakini alikuwa sahihi na akanielewesha kwa upole, nami nawapa kama alivyonipa.

Ile sponji nyeupe kati ya soli na mguu, kwenye raba nyingi ni kitu kinaitwa EVA, ni plastiki iliyojazwa vipovu vidogo vidogo vya hewa. Kila ukikanyaga vile vipovu vinaminywa, ukinyanyua mguu vinajaa tena, sasa maelfu kwa maelfu ya hatua kuta za vile vipovu zinalegea na kupasuka, sponji inalala haiamki. Kwa nje kiatu kinaweza kuwa kizuri kabisa kinang'aa na ndani hamna kitu. Makadirio ya kawaida wanayotoa ni kilomita 500 hadi 800, inategemea uzito wako, unavyokanyaga na njia unayopita. Ukikimbia kilomita 30 kwa wiki maana yake ni kama miezi minne mpaka sita. Za kwangu zilikuwa na kilomita za yule mwenye herufi mbili, juu yake miaka mitatu ya kwangu. Ukitaka kujua za kwako weka mezani uzitazame kwa nyuma, kama zimelalia upande mmoja au ile sponji ina mikunjo kama ngozi ya kiwiko, hizo zimeshafanya kazi yake, yaacheni magoti yapumzike.

Sasa kuna wanaosema aah viatu ni mbwembwe, Mwafrika anakimbia pekupeku, na hapo lazima atajwe Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia. Sawa, Olimpiki ya Roma 1960 alishinda marathoni pekupeku, saa 2:15:16, lakini maliza hadithi, Tokyo 1964 akashinda tena akiwa na viatu, saa 2:12:11, na alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla. Na kule Roma hakuvua kwa sababu anachukia viatu, vilivyokuwepo havikumkaa mguuni. Mi hapo ndo napata somo langu, kiatu kigeni kwa mguu ni kibaya kuliko kutokuwa na kiatu, na kiatu kilichoujua mguu wako hata kikichoka unakiona ni sehemu ya mwili. Waswahili wana kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwenye raba hicho kidonda ni malengelenge kabisa, wote tumeyapata.

Halafu kwetu sisi kuna jambo lingine. Wengi humu tulikimbia mchakamchaka shule ya msingi alfajiri tunaimba, umande, mawe, hamna aliyevaa kitu mguuni. Raba ya kwanza ya maana umeivaa ukiwa mtu mzima na umeinunua kwa hela yako, sasa mtu akikuambia itupe jalalani kama ganda la ndizi, roho inakataa na ina haki ya kukataa. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanachekwa hapa hapa kwenye klabu, eti huyu na raba zake za mwaka arobaini na saba. Tuache jamani, humjui aliyemshonea.

Kule Marekani kulikuwa na kocha anaitwa Bill Bowerman, mmoja wa waanzilishi wa Nike. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichukua chuma cha mke wake cha kuchomea waffle, zile keki zenye vijumba kama sega la nyuki, akamimina mpira humo kutafuta soli inayoshika vizuri. Chuma kikaharibika, kikaishia kwenye shimo la taka pale nyumbani. Miaka mingi imepita, Bowerman mwenyewe ameshafariki, familia ikachimba pale ikakikuta, kina kutu, kimevunjika, na leo kampuni imekihifadhi kama hazina. Sasa kama kampuni kubwa vile inatunza chuma chenye kutu, mi nitaona haya kutunza uzi wa bluu wa mama?

Kuna dada kanyoosha mkono. Eeh... anauliza kwa nini nisingempa kijana asiye nazo. Swali zuri na limenisumbua. Raba ambayo bado ina uhai mpe, tena mpe mapema kabla hujaimaliza wewe, mi sasa nafanya hivyo, nikihisi imebaki nusu naitoa. Lakini iliyokufa kumpa mtoto akakimbilie ni kumhamishia maumivu ya goti lako, na yeye hatasema kitu maana amepewa. Hiyo sio sadaka.

Na baba hapo nyuma, shikamoo baba, anasema yeye ana chumba kimoja hawezi kujaza viatu. Ni kweli baba. Weka kamba zake basi, au kata kile kipande chenye kitu unachokikumbuka. Mi zangu ziko juu ya cherehani ya mama, nimeiweka sebuleni, na kila mwezi wa pili tarehe za Kili zikikaribia nazisugua na sabuni ya mche, najaza magazeti, naziegesha kivulini. Kukimbia nazo sikimbii tena, na goti limepona.

Zimefika wapi? Naomba zirudishwe mbele taratibu, ule uzi msiuvute. Jumamosi ijayo tunaanzia pale pale saa kumi na mbili kasoro robo, na mwenye zake za zamani kabatini azibebe, tukimaliza kukimbia tutakaa kwenye nyasi kila mtu atuambie zimempitisha wapi.