Kwa nini pasta wa huku hatuambii tumpigie nani kura

Jambo kwenu Bukavu, Kadutu na Ibanda yote. Kila wiki mnaniuliza: mbona makanisa ya Wakongomani huku Marekani hayataji mgombea? Kabla hamjaandika kwamba najivunia sheria za wazungu au nalalamika, nisikilizeni. Najua kwetu maaskofu na wachungaji wanakaa mezani kumteua rais wa CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, ndiyo maana ukimya wa huku unawashangaza.

Kanisa huku halilipi kodi ya mapato. Tangu 1954, kwa pendekezo la seneta Lyndon B. Johnson, msamaha huo una sharti: lisimuunge mkono mgombea wala kumpinga. Mgombea, si jambo! Vita vya Kivu, wakimbizi, mishahara, vyote vinahubiriwa. Hata kuwahimiza waumini wampigie mbunge simu juu ya muswada inaruhusiwa, mradi isiwe sehemu kubwa ya kazi ya kanisa. "Kubwa" ni kiasi gani, sheria haisemi, na hilo linaniudhi sana, maana kanisa dogo lisilo na mwanasheria linaufunga mdomo kabisa.

Mwaka 1992 kanisa moja karibu na Binghamton, New York, lilinunua kurasa nzima katika magazeti mawili kuwaonya Wakristo kuhusu Bill Clinton, aliyekuwa mgombea urais, na chini ya tangazo likaomba michango. 1995 likanyang'anywa msamaha. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo.

Julai 2025 mamlaka ya kodi iliiambia mahakama ya Texas kwamba pasta akiongea na waumini wake ndani ya ibada kuhusu wagombea, kwa jicho la imani, havunji sharti. Lakini sheria yenyewe haikufutwa, na hela ya kanisa kununulia matangazo ni jambo jingine. Ukumbi nao, ukimkodishia mgombea mmoja, bei iwe ileile kwa wenzake.

Halafu makaratasi. Kanisa linasamehewa bila kuomba, ila benki au mwenye jengo anaweza kudai barua ya kuthibitisha msamaha. Barua hiyo inaombwa kwa mamlaka ya kodi kwa fomu 1023, dola 600. Ile fomu fupi ya dola 275? Makanisa hayaruhusiwi kuitumia. Dola 600 ni sadaka za wiki nyingi kwa watu wanaofanya kazi za usiku viwandani, na zinaniuma.

Kila kanisa lina hali yake, na majimbo yana kodi zao. Kabla ya kuchapisha chochote chenye jina la mgombea, mwonyesheni mhasibu anayezijua hesabu za makanisa.