Mikungu Sita ya Babu

SHABANI: Karibuni tena, wapendwa. Wiki iliyopita hatukuwepo na wengi mmetuulizia. Neema, pole sana.

NEEMA: Asante, tumeshapoa. Tumemzika Babu Jumatano, makaburi ya Kinondoni. Miaka 84. Asanteni mliofika Temeke, na wewe Shabani uliyelala msibani na wajomba zangu.

SHABANI: Alikuwa babu yangu pia. Sasa, leo tuna mambo matano ya kutunza kumbukumbu za wazee, na la kwanza...

NEEMA: Ngoja. Ule wasifu wa Babu uliosomwa msibani umenikaa moyoni. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa Tazara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaugua kisukari, akafariki. Basi? Tazara imepewa mstari mmoja! Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, mtu kaingia mwaka 1976 inapoanza kazi rasmi, ujana wake wote umeishia mle. Na hakuna safari aliyorudi bila kitu cha Bibi.

SHABANI: Mchele wa Mbeya.

NEEMA: Mchele, viazi...

SHABANI: Ndizi.

NEEMA: Umeanza!

SHABANI: Kuna wasikilizaji wageni, wasimulie.

NEEMA: Haya. Babu Simba, Bibi Yanga, nyumba moja, kitanda kimoja. Mwaka 1977 Simba inampiga Yanga sita bila, Kibadeni peke yake katupia tatu. Babu yuko kazini, kazisikia redioni Mlimba. Kawaida Bibi humfuata stesheni. Siku hiyo hakwenda. Babu akafika na mkokoteni, akawa anashusha mikungu ya ndizi mlangoni, mmoja mmoja, anahesabu kwa sauti mtaa mzima usikie. Mooja! Mbiili! Mpaka sita.

SHABANI: Bibi anasema ilikuwa mitano.

NEEMA: Kwa sababu ya zile tano Yanga ilizompiga Simba mwaka 1968! Wamebishana hiyo hesabu tangu mama yangu akiwa mtoto. Babu hajiwezi kitandani, Bibi anamlisha uji, anamuuliza, "Ilikuwa mingapi?" Babu anainua vidole sita.

SHABANI: Mpaka mwisho?

NEEMA: Mpaka wiki ile ya mwisho. Halafu kuna ile ya Novemba 2023, Yanga anashinda tano moja. Babu ameshaanza kuumwa, wanaangalia pamoja. Bao la tatu la Yanga likaingia, Bibi akanyanyuka akazima tivii. Yanga damu yule! Akamwambia, "Luku imeisha." Na feni inazunguka juu ya vichwa vyao.

SHABANI: Babu akasemaje?

NEEMA: Akaitazama feni. Akasema, "Basi tulale, mama." Shabani, hiyo ndiyo ndoa yao. Kwa nini haikusomwa?

SHABANI: Kwa sababu ni yao. Sisi kwetu maiti husaliwa, huzikwa upesi, stori zinakuja baadaye barazani kwa watu wake. Bibi amekaa mbele ya mchungaji na umati, mumewe yuko kwenye jeneza, wewe usome habari za feni?

NEEMA: Nisome! Barazani watasikia watano. Kile kijitabu cha ibada kimeingia kila nyumba. Kitukuu atakayekiokota atajua babu yake alikuwa na kisukari, hatajua alipendwa vipi.

SHABANI: Atasimuliwa.

NEEMA: Na nani? Tukishakufa sisi?

SHABANI: Neema, mjane ana haki ya kulia bila watu kumwangalia usoni waone kama atacheka.

NEEMA: Na akicheka? Kaishi naye miaka zaidi ya hamsini!

SHABANI: Siwezi kukubali. Msibani pana heshima yake.

NEEMA: Na mimi sikubali kwamba kumtaja mtu alivyokuwa ni kumvunjia heshima. Wasifu wangu nitauandika mwenyewe, mapema.

SHABANI: Wangu usiuguse.

NEEMA: Sawa.

SHABANI: Fundi ananionyesha dakika moja. Na yale mambo matano?

NEEMA: Hayaingii tena leo.

SHABANI: Hata la kwanza?

NEEMA: Hata la kwanza.

SHABANI: Ila hii ya feni tumeirusha hewani. Bibi anajua?

NEEMA: Nilimuomba jana jikoni. Karuhusu, kwa sharti niseme mikungu mitano.

SHABANI: Na umesema sita.

NEEMA: Ilikuwa sita, Shabani.