Miezi ishuke chini: kupanga shiti ili ripoti ifiltike

Haya karibuni, walio nyuma sogeeni kidogo projekta isomeke. Naanza na shiti yenyewe ya Excel, kwa sababu wengi wenu hapa Kisumu mnashinda nayo kila mwisho wa mwezi.

Huu ni mfano tu nimeutunga. Kolamu ya kwanza bichi, yaani pale ufuoni samaki wanaposhushwa: Dunga, Usoma, Ogal. Ya pili samaki: mbuta, ngege, omena. Halafu kuanzia ya tatu ni Januari, Februari, twende hivyo mpaka Desemba, na ndani ni kilo. Kwa macho ni shiti safi, karani anajaza akielekea kulia, bosi akiprinti inaingia kwa karatasi moja. Mimi siilaumu kabisa, iliundwa isomwe na mtu. Shida inaanza siku mnaambiwa ingizeni hii kitu Power BI, ile programu ya ripoti za kubonyeza, watu wabonyeze wachague mwezi wanaotaka.

Sasa hiyo slaisa, kile kitufe cha kufilta, inasoma kilicho ndani ya kolamu moja basi. Ipe Bichi, inakuletea Dunga, Usoma, Ogal. Ipe mwezi... mwezi uko wapi? Hakuna kolamu inaitwa Mwezi hapa, kuna vichwa 12, na slaisa haiorodheshi vichwa. Ndio unapata mtu ameandika fomula 12, mwaka mpya ukiingia anaongeza zingine 12, na hao ni watu wazuri wa kazi wanamalizwa na mpangilio tu.

Kwa hivyo tunashusha miezi. Mstari mmoja wa mbuta wa Dunga unakuwa mistari 12, kila mmoja una bichi, samaki, mwezi, kilo. Itarefuka, ndio, lakini bichi 3 kwa samaki 3 kwa miezi 12 ni mistari 108, na shiti moja ya Excel inabeba 1,048,576.

Kazi hii inafanywa na Power Query, kifaa cha kusafisha na kupanga data. Iko ndani ya Excel tangu ile ya 2016, kwa menyu ya Data, na Power BI iko nayo pia. Kwanza toa kolamu ya Jumla na mstari wa jumla kule chini, tafadhali sana, ukiviacha Jumla itageuka mwezi wa 13 na kilo zitahesabiwa zaidi ya mara moja. Kisha chagua Bichi na Samaki, raiti-kliki, bonyeza "Unpivot Other Columns". Ukienda na ile ya "Unpivot Only Selected Columns" itakariri majina ya miezi uliyochagua siku hiyo, mwezi mpya ukiongezwa unabaki nje na hakuna mtu anashtuka. Zitatokea kolamu mbili, Attribute na Value, zipe majina ya maana: Mwezi, Kilo.

Hapa sasa naomba tukae kidogo. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili mpaka Julai, si ndio? Kwa hivyo seli za hiyo miezi ziko tupu. Power Query ikishusha miezi inatupa seli tupu, haikuulizi, mistari ya omena ya Mei inapotea kabisa. Mtu wa ripoti akichagua omena na Mei anaona hakuna kitu, hajui ziwa lilikuwa limefungwa ama karani hakuleta daftari. Na usiseme basi nijaze sifuri kote! Sifuri ni kusema mashua zilitoka zikarudi mikono mitupu, na wastani wako wa mwaka utashuka bure. Mimi hufanya hivi: kabla ya kushusha nabadilisha tupu kuwa -1, hakuna samaki wa kilo -1, nikishashusha naongeza kolamu ya Hali inayosema "imefungwa" ama "haikuletwa" ama "imepimwa", ndio narudisha -1 kuwa tupu. Hiyo Hali nayo inakuwa slaisa, na afisa wa uvuvi ataipenda kuliko zote.

Kitu kingine cha haraka, miezi ikiwa maneno itajipanga kialfabeti, Agosti, Aprili, Desemba. Tengeneza kijitebo cha jina la mwezi na namba yake, uunganishe, upange kwa namba.

Fungueni laptopu. Faili ya kwanza ina Jumla mbili, moja imefichwa, itafuteni kabla hamjagusa kitu kingine.