Kutoa Mguu Kwanza

Mazungumzo na vijana waendesha baiskeli, Mbeya

Jamani, tukae. Walio mlangoni waingie, baiskeli haziendi popote, na mkiona ya kwangu inaondoka mnishtue.

[Kicheko]

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili la kutoa mguu kwenye klipu, ile fremu ndogo ya mbele ya pedeli inayoshika kiatu kwa mkanda, na wachache mmeshanichoka. Nitalisema tena. Juzi tu nimemkuta kijana amekaza mkanda wa klipu mpaka kiatu kimekunjamana. Namuuliza, "Ukitaka kushuka je?" Ananijibu, "Nitajua hukohuko." Hukohuko wapi? Hukohuko ni Kabwe, saa kumi na moja jioni, bajaji mbele, bajaji nyuma.

Kwenye fiksi, baiskeli isiyo na friwili, ambayo gurudumu la nyuma likizunguka pedeli nazo zinazunguka, somo la kwanza la klipu ni kutoa mguu. Kuingiza ni la pili. Nyinyi mnaanza na la pili kwa sababu ndilo linalopendeza kwenye picha, na la kwanza mnafundishwa na lami.

Yupo mmoja wa hapahapa, simtaji, yumo humu na ameinamisha kichwa. Alifunga klipu jioni, asubuhi yake akaenda mjini. Kupanda, safi. Kona, safi. Anakaribia makutano, bajaji ya mbele ikasimama ghafla kubeba abiria, kama kawaida yao. Kijana akabana breki, baiskeli ikasimama. Na ni fiksi, kwa hiyo pedeli nazo zikagoma palepale zilipokuwa. Sasa mguu. Akauvuta kwa pembeni, kama alivyozoea kushuka kwenye Phoenix ya baba yake. Lakini klipu haitoi mguu kwa pembeni! Mkanda umewekwa pale kuzuia hilohilo. Akavuta tena. Baiskeli imeshaanza kulala, taratibu kabisa, unaweza kusoma sala nzima ukaimaliza. Akaenda chini ubavu mzima, miguu yote miwili bado imo kwenye pedeli, mbele ya mama muuza maparachichi. Mama akamtazama akamwambia, "Mwanangu, si ushuke basi?"

[Kicheko kirefu]

Mnacheka. Swali la yule mama ndilo nililowaitia. Nyuma yake kungekuwa na Fuso badala ya bajaji tusingekuwa tunacheka.

Haya, unashukaje? Mguu unatoka kwa nyuma, kama unavyovua kandambili. Kwanza unalegeza: mkono unashuka, kidole gumba kinasukuma bizimu, mkanda unaachia. Hilo unalifanya mita nyingi kabla ya kusimama, siyo ukishasimama. Halafu unangoja pedeli ifike juu. Ikiwa juu inakwenda mbele yenyewe, wewe kazi yako ni kuuzuia mguu usiifuate. Klipu inasonga mbele, mguu unabaki nyuma, umetoka. Usishindane na pedeli ya fiksi, itakushinda, ina uzito wako wote na mwendo wako wote nyuma yake.

Mahali pa kujifunzia ni ukutani. Shika ukuta, kaa kwenye siti, bana breki ya mbele. Ingiza, legeza, toa. Mguu mmoja, halafu wa pili, mpaka ufanye huku unaongea na mtu habari za mpira bila kutazama chini. Ukitoka hapo nenda uwanja wenye nyasi, mkanda ukiwa umelegea kabisa. Mkanda uliolegea bado unashika mguu vya kutosha kwa mtu asiyeshindana na yeyote, na nyinyi hamshindani na yeyote, mnakwenda Soweto ya hapahapa Mbeya.

Kuingiza nako kuna ujanja wake. Pedeli isiyo na mguu inapinduka, klipu inaning'inia chini kwa sababu ni nzito. Kwenye baiskeli yenye friwili ungesimamisha miguu, ukaigeuza kwa raha zako. Kwenye fiksi inakuja na kupita, inakuja na kupita. Basi anza na mguu mmoja ndani kabla hujaondoka. Ili pedeli ikae mahali pazuri, inua gurudumu la nyuma uizungushe, maana kwa kusukuma nyuma peke yake haitakutii bila baiskeli nzima kurudi. Ondoka polepole. Ncha ya kiatu iguse ukingo wa nyuma wa pedeli, pedeli ijigeuze, hapohapo mguu usonge mbele uingie. Ukikosa, usiitafute kwa macho! Ikanyage ikiwa imepinduka, zunguka nayo, jaribu tena barabara ikiwa tupu.

Najua kaka wa pale nyuma anataka kusema nini. "Mzee, si bora tuache klipu kabisa?" Sawa, tupige hesabu. Meno 45 mbele, 18 nyuma, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1. Kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 5.25. Sasa teremka Iwambi kuelekea Mbalizi kwa kilomita 40 kwa saa: miguu yako inazunguka mara 127 kwa dakika. Mguu ukichomoka hapo, pedeli haikusubiri, inakuja kukupiga muundi kwa mwendo uleule. Wenzetu wa Iringa wanaoshuka kutoka mjini kwenda Ipogolo wananielewa. Klipu ndiyo inayoubakiza mguu, na ndiyo inayokuwezesha kuzuia mwendo kwa kuvuta juu ule mguu unaoshuka.

Mwingine atasema, "Kumbe miguu inatosha, nitoe breki, mbona Wajapani wa keirin, mbio za baiskeli za uwanjani, hawana breki?" Hao nawapenda sana, wanatumia klipu na mikanda mpaka leo, na mchezo wao umeanza 1948 kule Kokura. Lakini wanazunguka kwenye uwanja uliofungwa, hakuna mteremko wala lori la shaba kutoka Tunduma. Breki ya mbele inabaki. Hilo silijadili.

Na yule wa "klipu ni za kizee, Mfaransa Hinault alishinda mbio za Tour de France 1985 na pedeli za kubofya, zile zinazonasa soli ya kiatu maalumu." Ni kweli. Ninunulie viatu vyake basi.

Naonyeshwa saa. Mengine haraka. Viatu: soli isiyo na meno makubwa, raba ya kawaida inatosha, yale mabuti mnayovaa Juni kwa ajili ya baridi yananasa. Mkanda uzungushe mara moja ndani ya pedeli usiteleze. Mvua ikianza, mkanda wa ngozi unavimba na bizimu inashika tope, jaribu kulegeza kabla hujatoka nyumbani.

Wenye fremu fupi, hili msikilize: kona kali ukiwa mwendo mdogo, ncha ya klipu inagusa tairi la mbele, na kwenye fiksi huwezi kusimamisha mguu ukangoja. Nilitaka kulieleza kwa mchoro, nitawaonyesha hapo nje.

Nati ya kufungia sproketi ya nyuma, ile inayokazwa kinyume, leo hatuifikii. Anayetaka aangaliwe ya kwake abaki, ila aje na spana yake. Yangu mliiazima mwezi uliopita.