Fildi ya Mwaka Mzima: Chuo Hakikutafutii, Unaitafuta Mwenyewe

Oneni hiki kipeperushi. Ngoja nikisogeze kwenye kamera... hapo. Mnaona huo mstari mweupe ukingoni, mwembamba kama uzi? Wengine mtasema mbona hakuna kitu. Haya, huo uzi ulininyima usingizi, nitafika huko.

Kwanza salamu. Wazazi mnaotazama, shikamooni. Wadogo zangu, mambo? Nipo chumbani leo, mvua imeshika tangu alfajiri, kwa hiyo mkisikia kama kuna mtu anakaanga kitu nyuma yangu, ni dirisha hilo.

Swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Dada, hiyo kozi yako ya usanifu wa grafiki ya miaka minne, yenye mwaka wa kazi, chuo ndicho kinakutafutia hiyo kazi?" Hapana. Narudia kwa sababu najua mtaruka mbele: hapana. Chuo kina ofisi ya ajira, watakusomea wasifu wako, watakutumia matangazo ya nafasi, watakufanyisha usaili wa majaribio. Ila nafasi unaitafuta mwenyewe, unashindana na wenzako wa darasa hilohilo, na ukikosa unahamishiwa kozi ya miaka mitatu. Mimi nilikuja nikidhani mwaka wa tatu umeshapangwa kama ratiba ya basi. Nilikuwa nimesoma ile kurasa ya chuo yenye picha za watu wanacheka mbele ya kompyuta, basi.

Hapa Uingereza wanaiita kozi ya sandwichi. Miaka miwili darasani, wa tatu kazini, wa nne unarudi kumalizia. Si jambo la jana, chuo cha ufundi cha Sunderland walikuwa wanawafundisha wahandisi wao kwa mtindo huo tangu mwaka 1903. Sisi nyumbani tumezoea fildi ya wiki chache, unajaziwa kile kitabu cha kumbukumbu, unagongewa muhuri, unaondoka. Fildi yangu ilikuwa ya wiki 46. Ndani ya wiki 46 watu wanakuzoea, wanaacha kukuonea huruma.

Mwaka wa kwanza sitausimulia sana. Nilikuja na kiburi, niseme ukweli. Nilikuwa nimetengeneza kadi za harusi na mabango ya watu kwa miaka mitatu, Photoshop naijua usingizini. Wiki ya kwanza mwalimu akatugawia wembe, gundi na karatasi zenye herufi kubwa zilizochapwa. Akasema kateni, pangeni neno moja, nafasi kati ya herufi ionekane sawa kwa jicho. Si sawa kwa rula, sawa kwa jicho. Jaribuni kuweka A na V pamoja halafu H na I pamoja kwa umbali uleule wa rula, mtaona A na V wamenuniana. Neno moja, siku nzima. Nilikasirika kweli. Nilijiambia nimelipa ada yote hii nije kukata karatasi kama mtoto wa chekechea?

Mwaka wa pili ndio mwaka wenyewe. Andikeni hapo: msako unaanza mwezi wa kumi wa mwaka wa pili, kazi yenyewe inaanza kiangazi kinachofuata. Kampuni kubwa hutangaza mapema na kufunga mapema. Studio ndogo, za watu watano, kumi, mara nyingi hazitangazi kabisa. Unawaandikia tu, mlango hujaitwa unabisha hodi. Mimi nilituma maombi 41. Waliojibu ni sita. Walioniita usaili ni watatu. Aliyenichukua ni mmoja, na huyo alinichukua mwezi wa sita, wenzangu wakiwa wameshatafuta na vyumba.

Kwa nini ilichelewa? Potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako unaowaonyesha waajiri. Nilikuwa na PDF yenye kazi ishirini. Kadi, mabango, nembo za maduka, kila kitu nilichowahi kukigusa. Siku moja mwalimu wangu akaniita, akaifungua, akafuta kazi kumi na tatu mbele ya macho yangu. Kila akifuta nasema "lakini hiyo mteja aliipenda sana!", anafuta. Zikabaki saba. Kisha akauliza: michoro ya penseli iko wapi? Nikamwambia nimeitupa. Alivyoniangalia, hata mama hajawahi kuniangalia hivyo.

Baadaye kwenye usaili nikaelewa. Kazi iliyokamilika waliipitia kwa dakika mbili. Walichokalia ni ile kurasa yenye nembo tisa nilizozikataa. Mama mmoja akaweka kidole: "Hii hapa nzuri. Umeikataa kwa nini?" Nikamwambia ikipunguzwa hadi ukubwa wa ikoni ya simu, tundu la ndani ya herufi linaziba. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Nadhani hapo ndipo nilipoipata ile kazi.

Na msiwadharau walimu. Kuna mama mmoja anaitwa Margaret Calvert. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1936, akahamia Uingereza akiwa na miaka kama 14. Akiwa mwanafunzi pale chuo cha sanaa cha Chelsea, mwalimu wake, Jock Kinneir, alipewa kazi ya alama za uwanja wa ndege wa Gatwick, akamwomba Margaret amsaidie. Kutoka hapo wawili hao wakasanifu upya alama za barabarani za nchi nzima, zikaanza kutumika mwaka 1965, na nikitoka hapa nje sasa hivi nazikuta. Ile alama ya watoto wanaovuka karibu na shule, msichana anamwongoza mvulana mdogo, yule msichana alimchora akijifikiria yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Kila nikivuka pale namkumbuka. Yule mwalimu alikuwa ameziona kazi zake, ndiyo maana alipohitaji mtu jina lake likaja. Kwa hiyo wewe unayejificha nyuma ya darasa na kikompyuta chako ukisubiri kazi iwe "tayari" ndipo uionyeshe... haya.

Sasa viza, na hapa nawaomba mtulie, maana hapa wasanifu tunaumia kuliko watu wa kozi nyingine.

Ukiwa na viza ya mwanafunzi wa shahada, wakati wa masomo kwa kawaida unaruhusiwa kazi ya hadi saa 20 kwa wiki. Mwaka wa fildi unafanya kazi siku nzima kihalali, kwa sharti kwamba fildi ni sehemu ya kozi, inapimwa na chuo, na haizidi nusu ya urefu wa kozi. Hilo halina shida. Shida ni kwamba viza hiyo hairuhusu kujiajiri. Kabisa. Na sisi maisha yetu ni yapi? Si "nitengenezee nembo nikutumie hela"? Hiyo ni kujiajiri. Mshauri wa chuo aliniambia hata mteja akiwa nyumbani, maadamu mimi nimekaa hapa Uingereza naifanya, usijaribu. Kaka zangu mnaonitumia ujumbe "dada nifanyie bango fasta", sijawanunia, ni sheria.

Na ndiyo sababu video hizi hazina matangazo. Kuna aliyeandika eti nimeshakuwa tajiri wa mtandaoni. Sipati hata senti, na nikipata nitakuwa matatani.

Tukija kwenye hela. Ada ya mwaka wa fildi vyuo vingi huipunguza. Kwa wanafunzi wa humu England kuna ukomo, asilimia 20 ya ada ya juu inayoruhusiwa. Sisi wa kutoka nje ukomo huo hautuhusu, kila chuo kinajipangia, kwa hiyo ulizeni kwa barua pepe, wajibu kwa maandishi, kabla hamjalipa chochote. Halafu kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na inalipwa yote kwa mkupuo unapoomba viza. Mwaka wa nne si wa bure, unaanza kuulipia kabla hujapanda ndege.

Halafu mshahara. Hili lilinishangaza: mwanafunzi ambaye fildi ni sehemu ya lazima ya kozi yake, isiyozidi mwaka, halindwi na sheria ya kima cha chini cha mshahara. Kampuni ikitaka kukupa nauli tu, inaweza. Nyingi zinalipa, nyingine zinalipa vizuri, ila nilipigiwa na studio moja maridadi, kazi zao nilikuwa nazo ukutani, wakaniambia miezi kumi na moja kwa nauli na "uzoefu". Nikakataa. Nililia usiku ule, halafu nikakumbuka mwenye nyumba hapokei uzoefu. Hayo ni maoni yangu, mwenye mjomba wa kumlipia afanye anavyoona.

Haya, kipeperushi.

Studio iliyonichukua ina watu tisa. Wiki ya kwanza sikusanifu chochote. Nilipanga mafaili. Wana utaratibu wa majina: namba ya kazi, jina la mteja, toleo, tarehe. Mimi nilizoea "bango_mwisho", "bango_mwisho_kabisa", "bango_mwisho_wallahi". Siku ya pili mkubwa wangu akaona faili langu moja, akacheka mpaka akakaa, akaniuliza hiyo wallahi ni toleo la ngapi.

Kilichonitoa jasho ni saa. Pale kila dakika 15 unaandika umefanyia mteja gani. Chuoni bango lina wiki sita. Studio anakwambia una saa mbili, mteja amelipia saa mbili. Mara ya kwanza nilitumia tano nikaandika mbili, nikidhani naonyesha bidii. Nilikaripiwa kwa upole, na upole wa hawa watu unachoma. Akaniambia ukidanganya saa, kazi inayofuata nitampangia mteja bei ya uongo. Sikuwahi kufikiria hivyo. Miaka yote nyumbani nilikuwa nataja bei kwa kumwangalia mteja usoni.

Mwezi wangu wa tatu pale wakanipa kazi yangu mwenyewe: kipeperushi cha maonyesho madogo, rangi ya bluu imejaa ukurasa wote. Wanaojua mmeshaanza kucheka. Karatasi hukatwa baada ya kuchapwa, na kisu cha mashine hakikati pale pale kila mara, kinayumba kidogo. Kwa hiyo rangi inayofika ukingoni lazima ivuke mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba kikute rangi, si karatasi tupu. Blidi. Tulifundishwa mwaka wa kwanza! Niliandika na kwenye mtihani! Ila faili lile nililianza kama la skrini, maana mteja alianza kwa kutaka picha ya mtandaoni tu, halafu akabadilika akataka na ya karatasi, nami nikaligeuza faili. Nikabadilisha rangi za skrini kuwa za wino nne za kuchapia, nikakagua picha zote zina nukta 300 kwa inchi, nikajipongeza. Blidi nikasahau.

Mtu wa kiwanda cha uchapaji aliona, akatuma barua pepe kuuliza. Mimi nikaijibu, bila kumwambia mtu: "Ndiyo, sawa, endelea." Nilidhani anauliza idadi. Ijumaa jioni maboksi yakaja. Nafungua... uzi mweupe. Si kwenye vyote. Kimoja kina, kinachofuata hakina, kinachofuata kina pande mbili.

Nilikaa na yale maboksi peke yangu kama nusu saa. Kishawishi cha kunyamaza kilikuwepo, siwadanganyi. Kisha nikampigia mkubwa wangu. Akauliza kitu kimoja tu: maonyesho ni lini? Jumatatu. Akasema tuma faili sahihi sasa hivi, mimi naongea na kiwanda. Wakachapa tena Jumamosi, studio ikalipa, Jumapili nikaenda kuvibeba mwenyewe kwa treni. Hakunigombeza hata siku moja. Alichofanya ni kuongeza mstari kwenye karatasi ya ukaguzi iliyobandikwa pale ukutani: barua za kiwanda zisomwe na watu wawili. Bila jina langu. Kila mtu alijua, lakini bila jina langu.

Hiki kimoja nilikiomba. Kimebandikwa juu ya meza yangu mpaka leo.

Mengine haraka, maana naona chaji inashuka. Je, fildi ina alama? Kwangu ni kufaulu au kufeli tu, unaandika ripoti, mwalimu anakutembelea. Inaandikwa kwenye cheti. Je, studio wataniajiri nikimaliza? Wamesema niwaandikie, hawajaahidi. Viza ya baada ya kuhitimu imekuwa ya miaka miwili, lakini watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18, kwa hiyo wewe unayeanza kozi sasa piga hesabu kwa miezi 18, usisikilize video za zamani, zangu zikiwemo.

Na mwaka wa nne? Ndio nimeuanza. Wiki iliyopita mwalimu ametupa bango moja, wiki sita. Nikaenda maktaba, nikachora, nikapanga, baada ya saa mbili kazi imesimama, nikaitazama, ingepita studio. Nikabaki nimekaa. Siku arobaini zimebaki, sijui nizifanyeje! Wenzangu ambao hawakwenda fildi wananiona nimeduwaa, wanadhani nimekwama.

Basi jana nimenunua wembe. Nimechapa herufi kubwa za kichwa cha lile bango, naanza kukata moja moja, ziko hapo sakafuni mnaziona, hiyo ni V, hiyo A bado inanikataa... Ngojeni, maji yanaingia dirishani. Jamani, karatasi zangu!