Dada Yuhu

ASHA: Assalaam alaykum, tumo tena. Khamis, leo ni siri za maneno. Ilikuwa tuanze na Kaisari, yule mtawala wa Roma ya kale, halafu Al-Kindi, mwanachuoni wa Kiarabu, lakini nina la gari ya Fuoni.

KHAMIS: Ushagombana na utingo.

ASHA: La! Wasichana wa skuli, nyuma yangu, wananisema kwa kinyume, kile cha kupindua silabi za neno. "Dada yuhu ngaka keya ya nizama."

KHAMIS: (anacheka) Kanga yake ya zamani! Ile ya njano?

ASHA: Ile ile. Nikanyamaza. Nashuka, nikawageukia, nikawapa asante kwa kinyume hicho hicho: "Nteasa." Mmoja kajifunika uso kwa mkoba.

KHAMIS: Walijichoma wenyewe. "Dada" haipinduki.

ASHA: Hapo sasa! Dada, kaka, mama, baba, bibi. Kinyume kinakataa kabisa kuwaficha.

KHAMIS: Babu?

ASHA: Buba. Yeye na mjomba wasemwe tu. Mbamjo.

KHAMIS: Shangazi?

ASHA: Zishanga.

KHAMIS: Zingasha, yakhe! Silabi unazigeuza zote.

ASHA: Nani kakwambia? Ya mwisho inakuja mbele, basi. Hata Askofu Steere, yule wa kanisa la Mkunazini, aliiandika hivyo karne ya 19.

KHAMIS: Alipita kwetu Wete, Pemba, kuuliza?

ASHA: Zishanga.

KHAMIS: Zingasha. Na vyovyote iwavyo, siri haimo humo. Kaisari alisogeza kila herufi hatua tatu mbele katika alfabeti. "Pesa" inakuwa s-h-v-d.

ASHA: Itamke.

KHAMIS: Shh... ya kuandika hiyo.

ASHA: Basi ndani ya gari ungebaki bubu.

KHAMIS: Lakini hata siri ya namna yake ilivunjwa! Al-Kindi, Baghdad, karne ya 9, akasema hesabu herufi, inayojirudia sana ndiyo itakayokufungulia. Kwa Kiswahili ingekuwa mchezo, "a" imejaa kila pahala. Sasa kinyume hata herufi hakibadilishi. Siri gani inayofunguliwa na kila aliyekulia mtaani?

ASHA: Unaangalia kufuli tu. Jina la kanga limeandikwa kwa herufi kubwa, mtaa mzima unalisoma. Nimemvalia nani, anajua jirani mmoja. Ile si siri?

KHAMIS: Kijembe kile.

ASHA: Kijembe kilichofichwa.

KHAMIS: Kijembe kikifichika hakichomi. Kinataka kuonekana!

ASHA: Kuonekana na mmoja.

KHAMIS: Na mashoga zake wote, ambao umeshawapigia simu.

ASHA: Mimi?

KHAMIS: Sikutaja mtu.

ASHA: Sijakubali.

KHAMIS: Wala mimi. Na wale wasichana hawakuwa na siri, walikuwa wanacheza.

ASHA: Walikuwa wananisema, Khamis! Mchezo wa nani, wangu au wao?

KHAMIS: Fundi ananyoosha vidole viwili.

ASHA: Dakika mbili? Na nilikuwa na mambo matano ya kufundisha, yako kwenye karatasi hapa.

KHAMIS: Taja moja.

ASHA: La kwanza, Kaisari alikuwa... ah, wenye studio wameshafungua mlango. Ndialki tutamleta siku nyengine.

KHAMIS: Ndikila.

ASHA: Zima, bwana. Zima!