Umejiunga na chama cha uvuvi wa samoni? Siku ya kwanza, fimbo iache nyumbani

Haya, karibuni tena wapendwa. Leo tupo Perth, Uskoti, ukingoni mwa Mto Tay, na kama mnavyoona mkononi nina gongo la kutembelea tu, sina fimbo ya kuvulia. Ni kwa makusudi. Leo ni Jumapili, na sheria ya Uskoti hairuhusu kuvua samoni Jumapili. Wengine siku hii hulala. Mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo siku ya kuusoma mto bila kumkera mwanachama mwenzako.

Mmeniuliza wengi: nimeshajiunga na chama, ada nimelipa, sasa nianzie wapi? Anza na kibali. Kuvua samoni hapa bila ruhusa ya maandishi ya mwenye haki ya kuvua ni kosa la jinai, kwa hiyo karatasi ile tembea nayo. Halafu tazama ramani uliyopewa: mara nyingi haki ya chama inaishia katikati ya mto, ng'ambo ni kwa watu wengine. Hayo utayamaliza na chai ya asubuhi, tusipoteze muda.

Sasa kimo cha maji. Kabla hujatoka, ingia kwenye tovuti ya SEPA, mamlaka ya mazingira ya Uskoti, usome mto umefika wapi leo, uandike ile namba. Ukitaka kujifunza, chagua siku maji yamepungua sana, kama leo. Mvua ikija, mawe haya yote yatafunikwa na hutayaona tena, lakini samaki atakuwa palepale pembeni yake.

Sogeeni huku. Hapa ndipo penyewe.

Mtu aliyezoea kuvua baharini akifika mtoni hujiuliza chakula cha samaki kiko wapi. Kwa samoni swali hilo litakupoteza. Samoni akishaingia maji baridi hali tena. Ametoka baharini, wengine huko Greenland, anapanda kwenda kuzaa, na safari nzima anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Kwa hiyo jiulize: anapumzika wapi? Tafuta maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, kina cha kiunoni hadi kichwani, karibu na kitu kinachovunja nguvu ya mkondo.

Kilindi kina sehemu tatu. Pale juu maji yanapoingia kwa kasi ni kichwa. Katikati, palipotulia, ni tumbo. Kule chini maji yanapoanza kupungua kina na kuwa laini kama kioo ni mkia. Mimi nikiambiwa nichague sehemu moja, nachagua mkia. Samaki aliyepanda maji ya kasi hapo chini akifika mkiani amechoka, anasimama. Chora mkia wa kila kilindi kwenye daftari lako.

Tazameni ule msukosuko pale, kwenye kidole changu. Vaa miwani ya kukata mng'ao, bila hiyo huoni kitu. Wengi wakiuona msukosuko wanadhani jiwe liko chini yake. Haliko. Mkondo unagonga jiwe, unapanda, na wakati unafika juu umeshasukumwa kuelekea chini ya mto. Jiwe lenyewe liko nyuma, upande yanakotoka maji, na kilindi kikizidi kina ndivyo linavyozidi kuwa mbali na msukosuko wake. Samoni anapenda kulala mbele ya jiwe, au ubavuni. Ukitupia nzi wako bandia pale kwenye msukosuko, umempita samaki ...

Ngoja, wanapita watu na mitumbwi. Habari za asubuhi! Wana haki ya kupita, sheria ya mwaka 2003 imewapa, wasalimieni vizuri. Kioo cha kamera kimelowa, nifute. Haya.

Sasa naingia majini, na hapa naomba mnisikilize sana. Mkanda wa suruali ya majini ufungwe kiunoni, ubane. Gongo liwe upande wa juu, mkondo unakotoka. Nenda ubavuubavu, mguu mmoja ukishakaa ndipo uinue mwingine, miguu isipishane.

Mnaiona hii changarawe inayoteremka kuelekea mkiani? Inavutia, inatembelika. Usishuke nayo! Kwenda chini mkondo unakusukuma, unajiona hodari. Ukigeuka kurudi, changarawe inateleza chini ya viatu, maji yamefika kifuani, na mbele yako ni kilindi. Tay ndio mto wenye maji mengi kuliko yote ya Uingereza nzima. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na haya yanaweza kupanda hapa pasipo tone la mvua, kwa kuwa imenyesha milimani. Kila hatua tatu, simama, geuka, jaribu kurudi hatua moja. Ikiwa ngumu, umeshafika mwisho. Narudia: changarawe ya kuteremka, usishuke nayo mpaka umeipima kwa gongo na mwenyeji amekuambia inaishia wapi. Na mkanda, jamani. Umefunga?

Angalieni chini pia. Hawa weusi waliojichimbia ni kome wa lulu wa maji baridi. Wanalindwa na sheria, usiwaguse, usiwakanyage. Na kuanzia Novemba, changarawe safi iliyochimbuliwa usiikanyage kabisa, humo mna mayai ya samoni.

Tutoke. Nina baridi, na kamera pia.

Kesho utakutana na wenzako. Ukimkuta mtu anavua kilindi, usiingie mbele yake hata kama pana nafasi ya watu kumi. Ingia nyuma yake, upande wa juu, tupa mshipi, acha nzi avuke mkondo, shuka hatua mbili, tupa tena. Kila mtu anapata zamu yake. Wazee wa chama wakuulize, nawe waulize: maji yakiwa kimo hiki, samaki analala wapi? Wanajua. Mwaka 1922, Oktoba 7, Georgina Ballantine alimtoa samoni wa ratili 64, karibu kilo 29, huko juu karibu na Caputh, akiwa kwenye boti pamoja na baba yake. Mpaka leo Uingereza haijapata samoni mkubwa kuliko huyo kwa fimbo.

Mwisho ni daftari. Kila jiwe, kila mkia, kimo cha maji siku hiyo; na hapa mjini andika pia saa za kujaa na kupwa, kwani nguvu ya bahari inafika. Sisi wa Pangani hilo hatufundishwi. Ukimpata samoni kabla ya Aprili 1, sheria inataka arudi majini: mikono ilowe kwanza, asitoke majini, kichwa kielekee mkondo unakotoka, umshikilie hadi ajitoe mwenyewe. Mimi nawarudisha mwaka mzima, wamepungua sana.

Msimu unafungwa Oktoba 15. Niandikieni chini mko kwenye mto gani na kimo chake leo, nitawajibu nikitazama ramani.